Sura ya Sita: 6D au Mark II?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na watengenezaji wa kamera wanalijua hilo vizuri. Jina linabaki lile lile, pembeni linabandikwa "Mark II", megapikseli zinapanda kidogo, na kamera iliyokuwa ndoto ya kila mpiga picha mtaani inaanza kutangazwa kwenye makundi ya WhatsApp: ipo safi, haina tatizo, mwenyewe anataka kupanda daraja tu. Anayesoma tangazo hilo ana hela ya kuhesabu na swali zito. Achukue hii ya zamani leo, au ajibane mpaka aifikie mpya?

Kwa jumla-jumla swali hilo halina jibu, kwa hiyo tuweke kamera mbili mezani. Ya kwanza ni Canon EOS 6D, iliyotangazwa Septemba 2012. Ya pili ni mdogo wake, EOS 6D Mark II, iliyotangazwa Juni 2017. Zote zimeshahamia kwenye kabati za mitumba, huko ambako wapiga picha wengi wa harusi, mahafali na pasipoti hununulia vifaa vyao. Nimezichagua kwa sababu zinaumbua imani ya wengi wetu: mdogo mtu alizaliwa miaka mitano baadaye, akamzidi dada yake kwa mengi, lakini hakumzidi pale ambapo karibu kila mtu alikuwa na hakika angemzidi.

Kwa umbo wanafanana sana. Moja ina takriban gramu 770 pamoja na betri, nyingine 765. Vihisi vyao vya mwanga ni vya ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. Kila moja ina nafasi moja tu ya kadi ya SD, na betri za ukoo wa LP-E6 zinaingia kote. Hata bei za siku ya kwanza hazikupishana sana: bila lenzi, 6D ilianza kwa dola 2,099 na Mark II kwa dola 1,999.

Megapikseli tuzimalize haraka, maana ndizo zinazopigiwa kelele dukani kuliko zinavyostahili. Kutoka 20.2 hadi 26.2 kunasikika kama ongezeko la karibu theluthi. Lakini megapikseli hupima eneo lote la picha. Ukiangalia upande mrefu peke yake, ni pikseli 5,472 kwa 6,240, tofauti ya asilimia 14. Karatasi ya albamu ya inchi 12 kwa 18, ile inayofunguka kurasa mbili, 6D inaijaza kwa pikseli 300 kwa kila inchi bila kuvutwa. Mark II inakufikisha karibu inchi 14 kwa 21. Kama hupigi mabango, faida unayobaki nayo ni uhuru kidogo wa kukata kingo za picha, na gharama yake ni faili ghafi zinazozidi megabaiti 30 kila moja badala ya 24 hivi. Mwenye kompyuta ya zamani ataisikia tofauti hiyo kabla mteja hajaiona.

Sasa tuje kwenye nyuso zetu.

Ni saa saba mchana, nje ya kanisa, jua la utosi. Bibi harusi yuko ndani ya shela jeupe lenye shanga. Bwana harusi ni mweusi tii, suti yake nyeusi, na jua linamtengenezea kivuli kizito machoni. Ukipima mwanga kwa ajili ya shela, uso wa bwana harusi unazama. Ukipima kwa ajili ya uso, shela linaungua na shanga zote zinapotea. Mpiga picha mzoefu huliokoa shela kwanza, kisha nyumbani, kwenye kompyuta, anaupandisha ule uso kutoka gizani. Hapo ndipo kihisi kinapojulikana kimetengenezwaje. Kihisi kizuri kinarudisha uso wenye rangi yake, na mng'ao wa ngozi kwenye paji la uso. Kibaya kinarudisha chengachenga nyekundu na kijani, wakati mwingine na michirizi ya mlalo, na ngozi inageuka kuwa ya kijivu.

Upana huo wa mwanga, kutoka kivuli kizito hadi weupe mkali, hupimwa kwa stopu, na kila stopu ni mwanga maradufu ya ile iliyotangulia. Kwenye vipimo vya DxOMark, 6D ya 2012 ilipata stopu 12.1. Mark II ya 2017 ilipata 11.9. Tofauti ya sehemu mbili za kumi ni ndogo, huwezi kuiona kwa macho. Kinachokera ni kwamba miaka mitano ilipita na hatua ya mbele haikupigwa. Na haikuwa kwamba Canon hawakujua la kufanya. Kamera yao ya EOS 80D, ya mwaka 2016, yenye kihisi kidogo zaidi na bei ya chini zaidi, ilikuwa imeshapata 13.2.

Siri iko kwenye safari ya umeme. Kihisi kinakusanya mwanga na kuugeuza kuwa chaji, na chaji hiyo lazima ibadilishwe kuwa namba ili iandikwe kwenye kadi. Kwenye 80D ubadilishaji huo unafanyika juu ya kihisi chenyewe. Kwenye 6D zote mbili, ishara inatolewa nje ya kihisi kwanza, inasafiri kwenye saketi, ndipo inapobadilishwa, na njiani inaokota uchafu wa umeme. Kwenye sehemu angavu za picha uchafu huo hauonekani. Kwenye kivuli, ambako ishara yenyewe ni ndogo, unaonekana sana mara tu unapokipandisha. Kuiacha teknolojia hiyo nje ya kamera iliyokusudiwa kuuzwa kwa miaka mingi, kwa maoni yangu, ulikuwa ubahili.

Wachambuzi wengine walisema tofauti hiyo haina uzito kwa mtu wa kawaida. Mimi nauliza, mtu wa kawaida ni yupi? Enzi za filamu, maabara za kusafishia picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa Kodak. Uso wake ukitoka vizuri, kazi imekamilika. Uso mweusi ukitoka macho na meno matupu, hilo lilikuwa tatizo la mwenye uso. Waliowahi kufanya kazi Kodak wamesimulia kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watangazaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Kwa hiyo anayepiga picha Tabora au Kisumu asikubali kuambiwa kwamba vivuli si jambo kubwa. Vivulini ndiko wateja wake waliko.

Haki itendeke hata hivyo. Yote hayo yanahusu ISO ya chini, mchana. Jioni ukiwa ukumbini kwenye ISO 3200 au 6400, ishara inakuzwa kwanza kabla ya kusafiri, na ule uchafu wa njiani unabaki mdogo mbele yake. Huko Mark II iko sawa na dada yake au mbele kidogo. Anayeishi kwa sendofu na sherehe za usiku hatapata hasara yoyote ya kihisi akichukua mpya. Anayeishi kwa picha za nje, mchana kweupe, ajue kwamba pesa ya ziada haitamnunulia kivuli kisafi zaidi.

Ukumbini kuna jambo lingine kabisa linaloamua, nalo ni fokasi. Taa zimepunguzwa, mshereheshaji anawaita maharusi, muziki unapasuka, nao wanaingia wakicheza huku taa za zambarau zikizunguka juu yao. 6D ina pointi 11 za fokasi. Kati ya hizo, ni ile ya katikati tu inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Hiyo moja ni hodari kweli: inafanya kazi hadi mwanga wa -3 EV, yaani mbalamwezi. Kumi zilizobaki zinasoma upande mmoja tu, na zikikutana na koti jeusi kwenye giza zinahangaika huku na huko mpaka tukio linapita.

Basi wenye 6D wamezoea njia yao. Wanalenga jicho kwa pointi ya katikati, wanashikilia kitufe, kisha wanasogeza kamera kupanga fremu. Kwa watu waliosimama inafaa. Lakini chukua lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita mbili mbele yako: unene wa eneo lililo kwenye fokasi ni takriban sentimita sita. Hapo bibi harusi akipiga hatua moja ya dansi kati ya kulenga na kubonyeza, jicho limeshatoka na sikio limeingia.

Mark II ina pointi 45, na zote zinasoma pande zote mbili. Inapiga fremu 6.5 kwa sekunde badala ya 4.5. Kwa maharusi wanaoingia wakicheza, kwa mtoto anayekimbia, kwa mechi ya soka ya mtaani, hapa pana tofauti inayoonekana kwenye idadi ya picha zinazofaa kumpa mteja. Kasoro moja tu: pointi zote 45 zimesongamana katikati ya fremu. Mtu ukimweka pembeni, bado unarudi kwenye ile njia ya kulenga na kusogeza.

Halafu kuna video, na kwa wengi mjadala unaishia hapo. Siku hizi kamati ya harusi haimlipi mpiga picha peke yake. Inataka "picha na video", na mara nyingi ni kijana mmoja na msaidizi wake. 6D inapiga video nzuri ya HD, lakini fokasi yake ya kujiendesha wakati wa kurekodi ni ya kubahatisha: inakwenda mbele, inarudi nyuma, ndipo inatulia. Wanaoijua huzungusha lenzi kwa mkono. Mark II ina pikseli ambazo kila moja imegawanywa nusu mbili, na kwa kulinganisha kinachoonwa na kila nusu, kamera inajua mara moja fokasi iende upande gani na kwa kiasi gani. Gusa uso wa bibi harusi kwenye skrini, naye atafuatwa tangu mlangoni hadi jukwaani. Skrini yenyewe inafunguka na kugeuka, jambo ambalo 6D haina. Video ya kawaida ya 4K haipo kwenye yoyote kati ya hizo mbili, na kwenye zote mbili hakuna tundu la kusikilizia sauti kwa hedifoni. Hilo la hedifoni linaudhi zaidi, maana hotuba ya baba wa bibi harusi hairudiwi.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani nampigia debe Mark II. Kwa anayerekodi video, ndiyo, bila kusita. Kwa anayepiga picha za mnato peke yake, bado kuna mgombea wa tatu ambaye wauzaji humsahau kwa sababu jina lake si jipya: EOS 5D Mark III, ya Machi 2012. Ni ya zamani kuliko 6D yenyewe kwa miezi kadhaa. Ilianza kwa dola 3,499, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaokula kwa kamera. Ina pointi 61 za fokasi zilizotapakaa kwenye eneo pana zaidi, 41 kati yake zikisoma pande zote mbili, na ina nafasi mbili za kadi, moja ya CF na nyingine ya SD. Unaiamuru iandike kila picha mara mbili. Kadi moja ikifa katikati ya kiapo, ndoa yote iko kwenye ya pili.

Sioni ni kwa nini hili halizungumzwi zaidi. Watu hulinganisha miaka wakasahau kulinganisha matabaka. Kamera ya tabaka la juu iliyochakaa kiasi mara nyingi inamfaa mfanyakazi kuliko ya tabaka la kati inayong'aa, alimradi akubali uzito. Na 5D Mark III ni nzito, gramu 950 hivi na betri yake. Baada ya saa nane za sherehe bega litakukumbusha.

Na zile zisizo na kioo ndani? Canon walitoa EOS RP mwanzoni mwa 2019 kwa dola 1,299, ikiwa na kihisi cha ukoo ule ule wa 6D Mark II ndani ya mwili wa gramu 485. Inatambua macho, na fokasi yake inafika karibu kila kona ya fremu, kwa hiyo ile shida ya pointi kusongamana imekwisha. Lakini betri yake ndogo ya LP-E17 imepimwa kwa picha 250 kwa chaji moja, wakati Mark II imepimwa kwa 1,200 ukichungulia kwenye kidirisha. Harusi ya Jumamosi inayoanza saluni na kuishia usiku wa manane, kwenye mji ambao umeme una mambo yake, inahitaji mfuko wa betri.

Faida kubwa ya kubaki na kamera za kioo ni lenzi. Mdomo wa EF, unaozishika lenzi za Canon, ulianza mwaka 1987, na lenzi ya EF ya mwaka huo inafunga kwenye 6D mpaka leo. Desemba 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, aliliambia gazeti la Yomiuri Shimbun kwamba 1D X Mark III ndiyo itakuwa kamera ya mwisho ya hadhi ya juu yenye kioo. Matajiri wakahama, lenzi zao zikabaki sokoni. Anayechagua 6D badala ya Mark II aichukue ile tofauti ya bei, asiile, aitie kwenye 85mm f/1.8 au 50mm f/1.8 ya mtumba na flashi moja ya kupiga dari. 6D yenye lenzi hizo itamshinda mwenye Mark II aliyebaki na lenzi ya f/3.5-5.6 aliyouziwa nayo kwenye boksi. Na siku akihamia zisizo na kioo, adapta itazipeleka huko pamoja naye.

Tuingie dukani sasa, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue.

"Bosi, hii ilikuwa ya mzungu mtalii, ameenda nayo mbugani wiki moja tu."

"Sawa kaka. Naomba uiwashe nijaribu."

Wazungu waliotembelea mbuga na kuacha kamera ni wengi mno kuliko mbuga zinavyoweza kuwapokea, kwa hiyo achana na historia, angalia shata. Shata ya 6D imekadiriwa kudumu mipigo 100,000. Mpiga harusi anayepiga picha 1,500 kila Jumamosi anafika huko kwa Jumamosi 67, kama mwaka na miezi mitatu. Nikon huandika hesabu ya shata ndani ya faili ya picha. Kamera hizi za Canon hazifanyi hivyo, kwa hiyo nenda na kompyuta, kebo ya USB na programu ya kusomea. Hesabu kubwa si hukumu ya kifo, zipo zilizopita laki na bado zinadunda, lakini ni silaha nzuri ya kuombea punguzo. Muuzaji akikataa kamera yake isichomekwe kebo, aga kwa heshima.

Weka lenzi kwenye f/16, piga ukuta mweupe au anga, kisha kuza picha kwenye skrini. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi, linasafishika. Mistari au vinukta vya rangi visivyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni jambo zito zaidi. Ivue lenzi, fungua tochi ya simu, ichungulie kwa nyuma: nyuzinyuzi zilizotanda kama utando ni kuvu, ugonjwa wa lenzi zilizokaa Tanga, Mombasa au Unguja kabatini bila hewa. Lenzi hiyo usiichukue hata kwa zawadi, wala usiihifadhi mfuko mmoja na zako.

Kwa Mark II ongeza jaribio moja ambalo 6D haihitaji. Fungua skrini, izungushe taratibu mpaka mwisho, irudishe, rudia. Ndani ya bawaba ile kuna utepe mwembamba wa waya, na skrini ikipepesa au kuzimika kwenye pembe fulani, utepe umeanza kuchoka.

Kwa 6D angalia betri, maana muuzaji mwenyewe huenda akakuambia kwa masikitiko kwamba inaisha haraka hata ikiwa imezimwa, na kukupunguzia bei kwa hilo. Pokea punguzo, lipa, chukua risiti. Halafu ingia kwenye menyu uzime GPS. Kwenye kamera hii GPS ikiwa imewashwa inaendelea kutafuta setilaiti hata swichi kubwa ikiwa imezimwa, na watu wamenunua betri mpya mbili, tatu, wakitibu ugonjwa ambao haupo kwenye betri.